Wafungwa wa Chumba cha Kungojea

Mwenzangu, kama na wewe umeambiwa utameza kile kidonge halafu ufungiwe peke yako, kaa kitako nikuhadithie. Sikuhadithii ili usiogope. Utaogopa. Mie niliogopa toka mwanzo mpaka mwisho, na hadi leo nikisikia mlango mzito unajifunga, dukani au kwenye lifti, moyo unanienda mbio. Nataka tu ujue mbele kuna nini, maana mie hakuna aliyenieleza kwa Kiswahili nikaelewa.

Naitwa Raya. Kwetu Unguja, kusini, upande wa wakulima wa mwani. Dubai nina miaka mingi. Mume wangu Haji yuko kwenye ghala moja Freezone ya uwanja wa ndege, mie nashona mabaibui dukani kwa mtu wa nyumbani. Tunakaa Muhaisnah, chumba na sebule. Tunaye mtoto mmoja, Zuhura, niliyempata baada ya mimba nyingi kuharibika, nishakata tamaa ya kuitwa mama. Wakati haya yananipata alikuwa na miaka mitano. Kila nitakachokwambia humu, ujue nyuma yake yupo yeye. Kufa kila mtu atakufa, na mie nimefundishwa hivyo tangu chuo cha Kurani. Nilichokiogopa ni kumwacha mdogo vile, akue hata sura yangu haikumbuki.

Uvimbe niliuona dukani. Nilikuwa najipimia kola ya baibui mbele ya kioo, kifungo cha juu kikawa hakifiki. Nikafikiri nimeikata vibaya. Nikaifumua, nikaishona upya, kifungo kikagoma tena. Ndipo nikaangalia shingo badala ya nguo.

Walinipasua wakati wa baridi, ile miezi ambayo watu wa Dubai hutoka na majiko ya mkaa kwenda kuchoma nyama bustanini. Tezi ya shingo yote ikatolewa. Nilipozinduka sina sauti. Nafungua mdomo, unatoka upepo. Daktari akasema sauti itarudi, inshallah. Kisha akasema neno saratani. Nikamwashiria alirudie, akalirudia taratibu, kama anamsomea mtoto herufi.

Nyumbani Zuhura akadhani ni mchezo. Mie nikinong'ona, na yeye ananong'ona. Haji akirudi kazini anatukuta tunanong'onezana juu ya chai na mkate, na yeye anaanza kunong'ona. Mpaka jirani akaja kuuliza kwetu kuna nani kafa. Tulicheka siku ile, mie bila sauti, nimeshika kovu lisifumuke.

Ramadhani ikaingia nikakatazwa kufunga. Sauti ikarudi nusu, ya kukwaruza. Baada ya Idi daktari akatuita wote wawili akasema tezi imetoka lakini vipande vidogo huenda vimebaki, na jicho haliwezi kuviona. Kuna kidonge cha madini joto, yale yale yanayotiwa kwenye chumvi, ila haya yametiwa mionzi. Ukikimeza kinakwenda chenyewe kuvitafuta vile vipande na kuviunguza. Lakini na mwili wako unakuwa unatoa mionzi. Kwa hiyo utafungiwa chumba, peke yako, siku kadhaa, mpaka ipungue.

"Na mtoto?" Haji akauliza.

"Mtoto asimkaribie. Humo chumbani haingii mtu. Na akirudi nyumbani, asimkaribie kwanza."

Haji akanitazama. Mie nilikuwa naangalia mikono yangu. Tangu mdogo naogopa pahala pa kufungwa. Hata kuoga naoga mlango nimeuegesha tu, na Haji kila siku ananitania kwamba naogopa maji yatanikamata.

Idara yenyewe iko chini ya ardhi. Unashuka na lifti, unatokea kwenye ukumbi usio na dirisha, viti vya buluu vimepangwa vimeelekea ukuta mmoja. Juu, kwenye ghorofa nyengine, wametundika picha za farasi na ndege wa kuwindia na mchanga wa jangwani. Huku chini wametundika wafungwa.

Wallahi wafungwa. Ua umezungushiwa kuta za matofali, ndefu mpaka mbingu huioni. Chini, wanaume wa nguo za aina moja wanazunguka duara, mmoja nyuma ya mwenziwe, mabega yameanguka. Rangi yote ni buluu na kijani, kama maji ya kisima yaliyolala. Pembeni wamesimama watu wa kofia ndefu, wanawaangalia. Na mmoja katika wanaozunguka, wa mbele kabisa, hana kofia, nywele zake za manjano, mikono inaning'inia. Huyu kageuza uso. Anakutazama wewe uliyekaa kwenye kiti.

Muuguzi aliyekuja kuniita alikuwa Mkenya, Mkamba wa bara, jina lake Mueni, ana kimsalaba kidogo shingoni kinachochungulia kwenye yunifomu.

"Sista," nikamwambia, "nani katundika wafungwa mbele ya wagonjwa?"

"Hiyo picha niliikuta hapa. Mimi huwa hata siioni."

"Basi mie naiona kwa niaba yako."

Akacheka. "Next time ukae kiti ya upande ile, Mama. Utaona mashine ya maji tu."

"Kiti cha upande ule."

"Eeh?"

"Si kiti ya. Kiti cha."

"Mama, umekuja kutibiwa ama kunifundisha Kiswahili?"

Tukawa marafiki hapo hapo. Lakini kiti cha upande ule hakikunisaidia. Nikikaa na mashine ya maji, yule mtu wa nywele za manjano nahisi ananitazama kisogoni.

Nikampiga picha kwa simu. Mie kusoma nimejifunzia ukubwani, darasa la jioni la wanawake, na mwalimu wetu, mama mmoja wa Kihindi, ni mtu wa vitabu. Nikamwonyesha. Akasema anaijua. Aliyechora ni Mzungu wa zamani, aliugua maradhi ya akili akawekwa hospitali. Kutoka nje hakuweza, hakuwa na cha kuchora, basi akachukua mchoro wa mtu mwengine wa ua wa jela akauchora upya kwa rangi zake.

"Na hapa wanafanya nini?" nikamuuliza.

"Wametolewa kunyoosha miguu. Hiyo ndiyo hewa yao ya siku."

"Kwa hiyo hapa ndiyo wako nje?"

"Hapa ndiyo wako nje, Raya."

Sikulala vizuri siku ile. Kama hapo ndiyo nje, ndani kukoje?

Kabla ya kidonge kuna matayarisho, na hapa sikiliza vizuri. Unaachishwa dawa za kila siku zinazoshika kazi ya tezi. Unakatazwa chumvi ya madini joto, maziwa, mayai, na kitu chochote cha baharini. Mueni akanieleza kwa vidole: samaki hapana, dagaa hapana, kamba hapana, pweza hapana. Nikasema naam, naam, sawa.

Bila dawa zile mwili unazima kama jiko lililokosa mkaa. Joto la Dubai lilikuwa limeshapanda, watu kituo cha basi wanajifuta jasho kwa vitambaa, mie nimevaa sweta juu ya baibui na meno yanagongana. Uso ukavimba. Nyusi zikapukutika. Nikichana nywele, kitana kinajaa. Neno nalijua lakini halinijii, namwambia Zuhura "nipe ile, ile, ile," na yeye ananiletea kila kitu kilichomo ndani, kimoja kimoja, mpaka tukifikie kijiko. Dukani nilikuwa natia uzi kwenye sindano nasahau nilitaka kushona nini. Kwenye sala nikasujudu nikasahau kunyanyuka. Zuhura akaja akanigusa mgongo akasema, "Mama, Mungu keshasikia."

Sasa ngoja nikwambie kosa, ambalo nadhani ni sisi tu watu wa kule tunaoweza kulifanya.

Mama yangu analima mwani, toka mie kigori. Bahari ikitoka anaingia na kamba na vigingi vyake, na mwani ndio uliotuezekea nyumba bati. Lakini mwani kwetu si chakula. Ni zao, kama pamba. Unakaushwa, unatiwa gunia, unakwenda ng'ambo. Miaka hii ndiyo wanawake wamejifunza kuusaga wakatengeneza sabuni, mafuta, na unga wa dawa. Mama aliposikia sauti yangu ya kukwaruza kwenye simu alilia, kisha akamtafuta mtu anayepanda ndege akampa kopo.

"Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi na jioni," akaniambia. "Utie na asali. Utainuka."

"Daktari kanikataza vitu vya baharini, mama."

"Samaki hao! Kwani mwani una mapezi?"

Nikacheka, na nikaona kweli. Unga wenyewe ni mweupe, hata harufu ya bahari hauna. Nikala kwa siku nyingi, nikiomba dua kila kijiko, na nikajiona napata nguvu. Au niliona kwa sababu umetoka mkononi mwa mama.

Siku ya kupimwa tukakaa chini ya wale wafungwa, mie na Haji, mkoba wa nguo uko tayari. Daktari akatuita akiwa na karatasi ya kipimo cha mkojo. Uso wake ulinambia kabla ya mdomo.

"Umekula nini?"

Nikataja: wali, mboga, matunda, uji.

"Samaki?"

"La wallahi."

Akaniuliza chumvi. Akaniuliza mkate. Mueni akainama karibu yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama Zuhura, kuna dawa yoyote umetumia ya nyumbani?"

"Unga wa mwani tu."

"Mwani ni nini?"

"Jani la baharini. Linapandwa kwenye kamba."

Mueni alikuwa mtu wa bara, mwani hajapata kuuona. Akatoa simu, akatafuta, akaniwekea picha mbele ya macho. "Ni hii?"

"Ndiyo hiyo."

Akamgeuzia daktari simu. Daktari akafumba macho, akajishika paji la uso. Mie sikuhitaji kufasiriwa. Mueni akanieleza taratibu kwamba mwani una yale madini joto kupita chumvi, kupita samaki, kupita vyote nilivyokatazwa. Mwili wangu umeshiba. Vile vipande, kama vipo, havina njaa. Kidonge kikija vitakiacha kipite. Hakuna kumeza leo. Nirudi kwenye dawa za kila siku, mwili usafike kwa miezi, halafu niachishwe tena, nianze upya.

"Na wakati huo," nikauliza, "hivyo vipande vinafanya nini?"

Mueni akaniokotea mkoba.

Tulirudi na mkoba wetu. Kufika nyumbani Haji akachukua kopo, akaenda akalimwaga chooni, kisha akampigia mama. Haji ni mtu mpole, hajawahi kumpandishia sauti mkwewe.

"Khalas, mama! Msituletee tena unga wenu. Mnataka kuniulia mke?"

Nikamnyang'anya simu. Upande wa pili nilisikia mama anapumua tu, halafu simu ikakatika. Toka siku ile nikimpigia hapokei. Dada yangu ndiye anapokea, anasema mama yupo pwani, mama yupo kwenye maji. Hata maji yakiwa yamejaa, mama yupo kwenye maji.

Na mie na Haji ndani ya chumba na sebule tukawa kama wapangaji. Anapika, anafua, anampeleka mtoto skuli, lakini hazungumzi. Siku moja nikamwambia, "Sema basi kama umenikasirikia."

"Sijakukasirikia."

"Kumbe nini?"

Alikuwa anapanga viatu vya Zuhura mlangoni. Akavipanga, akavipangua. "Naogopa, Raya. Sijui niuweke wapi huu woga. Ningekuwa na pahala pa kuuweka ningeuweka nikaja kukaa na wewe."

Nikamwambia auweke na wangu, upo mwingi, hautaonekana. Akacheka kidogo. Usiku ule tulizungumza.

Kiangazi cha huku ukikipita mgonjwa utajua mateso. Vioo vya madirisha vinaunguza mkono. Nikarejeshewa dawa, nikajaa joto tena, nyusi zikaanza kuota. Halafu nikaachishwa tena, na ile baridi ikanirudia katikati ya joto la watu. Mara hii nilikuwa naijua inavyokuja, na kuijua hakukunisaidia. Zuhura alikuwa ananiletea blanketi huku yeye amevaa singlendi, jasho linamtiririka.

Kila siku ya kipimo nikashuka chini kwenye viti vya buluu. Kwa sababu ya kosa langu nilikaa na ile picha muda mrefu kuliko mgonjwa yeyote. Siku moja nikaisogelea kabisa, pua na kioo. Juu ya ukuta, mbali na wale watu, nikaona vidoa viwili vyeupe. Nikadhani vumbi, nikafuta kwa ncha ya mtandio. Havikufutika. Vipepeo.

Nikamwita Mueni. Akaja akakodoa. "Aki miaka yote hii! Sijawahi ona."

"Wawili."

"Basi ni ishara nzuri, Mama."

Mie nilikuwa nawaza wameingiaje humo, na kama wanajua njia ya kutokea.

Waarabu wa huku wanasema ikichomoza nyota ya Suheil joto limevunjika. Suheil ilikuwa imeshachomoza siku kipimo kilipotoka safi. Mueni alinipigia simu mwenyewe: "Mama Zuhura, yalla, jitayarishe."

Alinionya mapema kwamba kitu nitakachoingia nacho huenda kisitoke. Kinashika mionzi, wanaweza kukitupa. Nilikuwa nimetia msahafu wangu mkobani. Nikautoa. Nisingeweza kuvumilia watu wa usafi wautie kwenye mfuko wa taka. Nikaingia na simu ya zamani iliyofungwa nailoni, pipi za ndimu za kumumunya ili mate yatoke, na nilichokihifadhi kichwani. Zuhura nilimuaga nyumbani. Alikuwa anakula, akanipungia mkono wenye wali.

Mtu aliyeleta kidonge alivaa aproni nzito, kakibeba ndani ya chungu cha madini ya risasi, anakishika kwa koleo refu. Kiduchu, kama kidonge cha kichwa. Akaniambia nikimeze kwa maji mengi, na akatoka kabla sijashusha glasi. Mlango ukajifunga. Una unene wa mkono wangu na ndani una risasi. Haukupiga kelele kubwa. Ulifanya *tup*, basi.

Nikamwambia Mungu, Yarabi, mie siwezi. Niliusukuma. Najua ulikuwa haujatiwa kufuli, Mueni alishaniapia, lakini ni mzito na mie sina nguvu, ukanigomea. Nikakaa chini palepale kwenye sakafu. Kifua kikaniziba. Nikaona ndiyo mwisho, nitakufa humu na hakuna atakayeruhusiwa kuniosha.

Kwenye ukuta kuna spika. Ikakoroma.

"Mama Zuhura. Nakuona kwa kamera. Pumua."

"Nitoe."

"Pumua kwanza. Kisha tutajadili."

Nikapumua. Hatukujadili. Alibaki akinizungumzisha mpaka nikainuka, ananiambia habari za shemeji yake aliyenunua mbuzi kumbe ni kondoo. Nilijua ananipumbaza, na nilimwacha anipumbaze.

Siku za humo ndani sina hesabu nazo. Maji, kuoga, maji, kuoga. Chakula kinaachwa kwenye kijidirisha. Shingo iliniuma, ladha ya mdomo ikawa kama nimelamba sarafu. Nikisali sauti haitoki, nikasali kwa kunong'ona. Walinihimiza nitembee, damu iende. Chumba hakina pa kwenda. Nikasogeza kiti cha plastiki katikati nikaanza kukizunguka.

Nilizunguka muda ndipo nikajiona. Mabega yameanguka, mikono inaning'inia. Kanzu ya hospitali ya buluu. Woga ukanishika miguuni, nikasimama, nikageuza uso kuitazama ile kamera pembeni ya dari.

Spika ikakoroma. "Mama, mbona unaniangalia hivyo? Unafanana yule jamaa wa picha!"

Nilicheka. Nikacheka mpaka nikakaa kwenye kiti, na kicheko kikageuka kilio, na Mueni huko nje akaniacha nilie.

Nilipoinuka nikaanza tena, ila nikageuka, kiti nikakiweka kushotoni. Zamani kabla ya Zuhura, Haji alinipeleka umra kwa basi kutoka hapa hapa Dubai, kwenda kumwomba Mungu mtoto. Simaanishi nilitufu, Mungu anilinde, tawafu, kule kuizunguka Nyumba ya Mungu ukiiweka kushotoni, ina pahala pake pamoja duniani na kiti cha plastiki si kitu. Lakini miguu ilikumbuka. Nilizunguka nikinong'ona yale yale niliyoyanong'ona kule: mtoto, Yarabi, mtoto. Kule niliomba anipe. Humu niliomba aniache naye. Woga haukuondoka, nisikudanganye. Ulinifuata nyuma, duara zima, kama mtu mwengine kwenye mstari. Ila nilikuwa natembea.

Wakaja na kipimo chao cha mionzi kinacholia, wakasimama mlangoni, wakasema khalas, nenda nyumbani.

Haji alikuwa amejitayarisha. Alichukua selotepu pana ya kufungia maboksi, ile ya ghalani kwao, akabandika mstari kwenye vigae kati ya mlango wa chumba na sebule. Huku mama, kule Zuhura. Na ili mtoto aelewe akamwambia, "Mama kameza dawa ya moto. Ukipita hapa itakuunguza."

Alifanya vizuri, na nilimshukuru. Zuhura hakupita. Alikaa kule na mdoli wake, mie mlangoni pa chumba, tunazungumza. Akiangusha mpira ukabingirika kwangu, hautaki tena. Siku moja nilipiga chafya akakimbia jikoni.

Wiki ile nikarudi hospitali kupigwa picha ya mwili mzima. Daktari akasema kidonge kimevipata vipande shingoni, na kwengine kokote hakuona kitu. Nitapimwa tena, na tena. Lakini kwa sasa, alhamdulillahi. Nikauliza, mtoto? Akasema zikipita hizi siku chache, mkumbatie upendavyo.

Nilimpigia mama. Dada akapokea akaanza, "Mama yupo..." nikasema mwambie dawa imefanya kazi. Nikasikia simu inanyakuliwa.

"Raya?"

"Naam, mama."

Alilia, nikalia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na sabuni ya mwani je? Ya kuogea tu?"

Siku ilipofika Haji akaibandua selotepu. Ikaacha alama ya gundi, na vumbi likashika, kwa hiyo mstari ukabaki palepale, mweusi sasa. Nikatoka nikakaa kwenye zulia la sebuleni, nikafungua mikono.

"Njoo, mwanangu."

Zuhura akatikisa kichwa.

"Dawa imekwisha," Haji akamwambia. "Mama hana moto tena."

"Anao," akasema. "Umo shingoni. Nauona." Alikuwa anaonyesha kovu.

Haji akataka kumbeba aniletee, nikamkataza. Nilikaa siku ile, na siku ya pili, na zaidi. Mwenzangu, mlango wa risasi haukunitisha kama jicho la mtoto wangu lilivyonitisha. Niliwaza, nimebaki hai, na ndiyo kwanza nimemkosa.

Kisha jioni moja, baada ya magharibi, nimekaa palepale na tasbihi yangu, akaanza kunizunguka. Pembeni kabisa, mgongo ukigusa ukuta, mdoli kwapani. Akazunguka akafika alipoanzia. Akazunguka tena, hatua moja ndani zaidi. Haji akatokea mlangoni na sufuria mkononi akasimama. Sikugeuza shingo kumfuata. Niliogopa kupumua. Nilimsikia tu nyayo zake kwenye zulia, mara upande huu, mara kisogoni, mara upande huu, na kila akinipita nasikia zimesogea. Nguo yake ikanigusa bega. Ikapita. Ikanigusa tena.

Akasimama mbele yangu. Akanyoosha kidole kimoja, akakiweka juu ya kovu, akakitoa mbio, akakitazama. Akakirudisha. Kisha kiganja chote.

"Huunguzi," akasema.

Nikabaki vilevile, mikono juu ya mapaja, mpaka alipokaa mwenyewe mapajani kwangu.